Mama yake Helen wa Galloway Alikuwa Nani? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Wazazi Wasio na Uhakika katika Uskoti ya Zama za Kati

Wengi wanaofuatilia nasaba za makabaila wa Uskoti hukwama mahali pamoja. Baba wa mwanamke anafahamika, mumewe anafahamika, lakini mama hatajwi popote, na nafasi yake katika shajara za mtandaoni (yaani michoro ya ukoo) hujazwa na yule mke wa baba aliye mashuhuri kuliko wenzake. Kosa hilo hunakiliwa kutoka shajara moja hadi nyingine, na kwa kuwa linaonekana kila mahali, msomaji hudhani kwamba limeshathibitishwa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni Helen wa Galloway, binti wa Alan, bwana wa Galloway (eneo la kusini-magharibi mwa Uskoti) aliyefariki mwanzoni mwa mwaka 1234, na mke wa Roger de Quincy, Earl (cheo cha juu cha kikabaila) wa Winchester. Shajara nyingi humwita Helen binti wa Margaret wa Huntingdon. Hakuwa binti yake, na jambo hilo linaweza kuthibitishwa bila kupata hati hata moja inayomtaja mama aliyemzaa. Njia yenyewe ni kufuata ardhi, yaani kuangalia mali ya kila mama anayedhaniwa iligawiwa akina nani baada ya kifo, na nani aliachwa nje ya mgao huo.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu anayeanza kwa kutafuta ovyo mtandaoni hurudi na shajara zilezile zilizompoteza.

- Hifadhidata ya People of Medieval Scotland, ambayo ni ya bure na inaorodhesha watu waliotajwa katika hati za Uskoti kuanzia mwaka 1093. Kila jina linaonyesha hati ambazo mtu huyo anaonekana ndani yake na nafasi aliyokuwa nayo, kama ni mtoaji, mpokeaji au shahidi.
- Juzuu ya kwanza ya Calendar of Documents Relating to Scotland iliyohaririwa na Joseph Bain, inayohusu miaka 1108 hadi 1272. Ni muhtasari wa hati za serikali ya Uingereza zinazogusa Uskoti, na imewekwa mtandaoni katika maktaba za nakala huria.
- Tarihi zilizoandikwa na watawa: ya Melrose, ya Lanercost, ya Man, na ile ya Matthew Paris wa St Albans.
- The Scots Peerage, juzuu 9 zilizotoka kati ya 1904 na 1914. Zitumie kama ramani ya kukuelekeza kwenye hati, wala usizichukue kama ushahidi.
- Jedwali la miaka ya utawala wa wafalme wa Uingereza na Uskoti.
- Daftari au lahajedwali yenye safu tano: tukio, mwaka, chanzo, chanzo kiliandikwa lini, na kinathibitisha nini hasa.

Safu ya tano ndiyo itakayokuokoa. Hati inayosema kwamba Roger de Quincy alikuwa mume wa binti mkubwa wa Alan haithibitishi chochote kuhusu mama wa binti huyo, hata kama mhariri wa karne ya 19 aliongeza jina la mama pembezoni.

## Hatua ya 1: Andika swali linaloweza kujibiwa

Swali la jumla kuhusu asili ya Helen halina mwisho. Andika badala yake: kati ya wanawake waliopata kuolewa na Alan, ni yupi angeweza kuwa mama wa Helen, na ni yupi hawezi kabisa? Kuwaondoa wasiowezekana ni rahisi kuliko kumthibitisha mmoja, na mara nyingi ndiyo kazi pekee ambayo ushahidi uliobaki unaruhusu.

Andika pia yale yasiyobishaniwa. Alan alikuwa mwana wa Roland, bwana wa Galloway aliyefariki mwaka 1200, na wa Helen de Morville. Aliacha mabinti watatu halali: Helen, Christina aliyeolewa na William de Forz, na Devorguilla aliyeolewa na John Balliol. Alikuwa pia na mwana wa nje ya ndoa, Thomas.

Utajua umefaulu utakapoweza kusoma swali lako kwa sauti na kutaja matokeo ambayo yangeonyesha kwamba dhana yako ni ya uongo.

## Hatua ya 2: Kusanya namna zote za kuandika majina

Makarani wa karne ya 13 waliandika kwa Kilatini, na kila mmoja alikuwa na tahajia yake. Helen huonekana kama Elena, Helena au Ela; Devorguilla ana tahajia nyingi kiasi cha kuchosha; de Forz huandikwa de Fortibus; na Alan mwenyewe mara nyingi ni Alanus filius Rollandi, bila kutajwa Galloway. Ukitafuta kwa tahajia moja tu utapata sehemu ndogo ya hati zilizopo, kisha udhani kwamba nyingine hazipo, na katika kazi hii kutokuwapo kwa jina kuna maana kubwa, kama itakavyoonekana katika hatua ya 6.

Tahadhari: watu wawili wenye jina moja ni jambo la kawaida katika koo hizi. Kuna Margaret de Quincy wawili walioishi wakati mmoja, mmoja binti wa Roger na Helen, mwingine binti wa Robert de Quincy, kaka yake Roger. Wape namba katika daftari tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 3: Orodhesha wake wote wa baba, kila mmoja na chanzo chake

Hapa ndipo shajara nyingi huharibika, kwa sababu mwandishi humkuta mke mmoja, akaridhika, na kuwapa watoto wote mama huyohuyo. Alan alioa zaidi ya mara moja, na waliopendekezwa kuwa wake zake ni hawa.

Wa kwanza ni mwanamke wa ukoo wa de Lacy wa Pontefract, ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Anadhaniwa kuwa binti, au pengine dada, wa Roger de Lacy, Konstebo wa Chester (cheo cha heshima cha kijeshi kilichorithiwa, si askari polisi) aliyefariki mwaka 1211. Ushahidi wake ni wa ardhi, nao utachambuliwa katika hatua ya 8.

Wa pili ni Margaret, binti mkubwa wa David, Earl wa Huntingdon aliyekuwa wa ukoo wa kifalme wa Uskoti, na wa Maud wa Chester. Ndoa yake na Alan ni ya mwaka 1209.

Wa tatu ni Rose, binti wa Hugh de Lacy, Earl wa Ulster. Tarihi ya Lanercost inaiweka ndoa hiyo mwaka 1229. Huyu Hugh alitoka katika ukoo wa de Lacy wa Meath huko Ireland, na Roger wa Pontefract alikuwa wa ukoo mwingine, kwani jina la Lacy alilipata kupitia bibi yake. Shajara inayomtaja mke wa Alan kuwa "de Lacy" bila kueleza ni wa wapi imechanganya wanawake wawili waliotengana kwa zaidi ya miaka 20.

Wa nne ni binti wa Rognvald, mfalme wa Visiwa (Man na visiwa vya magharibi mwa Uskoti). Ukikutana naye katika shajara, rudi kwenye Tarihi ya Man. Inachosimulia ni kwamba binti wa Rognvald aliozwa mwana wa Alan, naye ni Thomas, katika miaka ya 1220. Taarifa hiyo haiwezi kutumika kumfanya mwanamke huyo awe mke wa Alan mwenyewe, sembuse mama wa Helen.

Dalili ya kufaulu ni kuwa na safu ya majina ambamo kila mke ana chanzo kilichotenganishwa na maoni ya wahariri, na ambamo umeandika wazi palipo na dhana tupu.

## Hatua ya 4: Chora mstari wa miaka, kisha uujaribu

Miaka peke yake haimalizi shauri, ila huondoa wagombea kwa haraka. Anza na tarehe zilizo imara, urudi nyuma.

Helen na Roger walikuwa na binti, Margaret, aliyeolewa na William de Ferrers, Earl wa Derby. Robert, mwana wa Margaret na William, alizaliwa takriban mwaka 1239, kwa kuwa alikuwa bado mtoto baba yake alipofariki mwaka 1254, akakabidhiwa mali yake mwaka 1260. Hata ukikadiria kila mama kuwa na miaka 14 tu, umri mdogo mno kwa uzazi hata kwa zama hizo, Margaret de Quincy hakuzaliwa baada ya 1225, na Helen hakuzaliwa baada ya 1211.

Hesabu hiyo inamwondoa Rose, aliyeolewa mwaka 1229, na inamwondoa binti wa Rognvald kwa wale wanaotegemea taarifa ya miaka ya 1220. Haimwondoi Margaret wa Huntingdon. Wazazi wake walioana tarehe 26 Agosti 1190, kwa hiyo mwaka 1209 hakuwa amepita miaka 18, na mtoto wa kwanza wa mwaka 1210 au 1211 anawezekana kabisa. Inapendeza kuona watu wakitumia hoja ya umri kumkataa Margaret kwa uhakika wote, lakini hoja hiyo haitoshi.

Tahadhari ni mbili. Ya kwanza ni kwamba makarani wengi walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo tukio la Februari 1234 laweza kuandikwa chini ya 1233. Ya pili ni mwaka wa kuzaliwa unaoukuta mtandaoni, kama "takriban 1208", ambao kwa kawaida umekisiwa kutokana na mama aliyekwisha kudhaniwa. Ukiutumia kumthibitisha mama huyo utakuwa umezunguka na kurudi ulipoanzia, kwa hiyo ufute kwenye daftari.

## Hatua ya 5: Fuata ardhi ya baba na ardhi ya mama kila moja peke yake

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na isiharakishwe.

Sheria ya urithi ya wakati huo ilikuwa na kanuni mbili unazopaswa kuzishika. Kabaila akifa bila mwana halali, ardhi yake iligawanywa kwa mabinti wake wote halali, bila kujali kila mmoja alizaliwa na mama gani. Lakini ardhi iliyotoka upande wa mama iliwaendea watoto wa tumbo la mama huyo tu. Dada wa baba mmoja na mama mbalimbali hakuwa na haki yoyote katika mali ya mama wa mwenzake.

Kwa hiyo tafuta migao miwili: mmoja uliotoka kwa baba na mwingine uliotoka kwa mama anayedhaniwa. Linganisha majina.

Mgao wa kwanza ni wa mwaka 1234 na kuendelea. Alan alipokufa, watu wa Galloway hawakutaka nchi yao ikatwe vipande vitatu. Walitaka Thomas, ingawa alizaliwa nje ya ndoa, awe bwana wao. Mfalme Alexander II wa Uskoti alikataa, akaingia Galloway na jeshi mwaka 1235 na kuusimamia mgao. Mabinti wote watatu walipata sehemu, katika Galloway na katika ardhi ambazo Alan alirithi kwa mama yake de Morville, kama Lauderdale na Cunningham. Zaidi ya hayo, cheo cha Konstebo wa Uskoti, ambacho hakigawanyiki, kilimwendea Roger de Quincy kwa haki ya mkewe. Cheo kama hicho humfuata binti mkubwa, kwa hiyo unayo sasa mambo mawili yaliyothibitishwa: Helen alikuwa binti halali wa Alan, na alikuwa mkubwa kuliko wenzake.

Mgao wa pili ni wa mwaka 1237. John, kaka yake Margaret wa Huntingdon, aliyekuwa Earl wa Huntingdon na wa Chester kwa pamoja, alifariki mwezi Juni mwaka huo bila mtoto. Warithi wake walikuwa dada zake na uzao wao. Margaret, dada mkubwa, alikuwa ameshafariki, kwa hiyo sehemu yake iliwaendea watoto wake. Isabella, mke wa Robert Bruce wa Annandale, alipata sehemu moja, na Ada, mke wa Henry de Hastings, akapata sehemu nyingine. Ardhi za baba yao David zilizokuwa Uskoti, kama Garioch na Dundee, nazo ziligawanywa kwa mafungu hayohayo matatu.

Sasa angalia fungu la Margaret lilimwendea nani: Christina na Devorguilla. Wawili tu. Helen hayumo, mumewe hayumo, na baada yao watoto wao hawamo.

Andika migao hiyo miwili katika ukurasa mmoja, ukiitazamanisha. Ukiona mabinti watatu upande wa baba na wawili upande wa mama, umeshika ushahidi ambao hakuna shajara ya mtandaoni inayoweza kuutikisa.

## Hatua ya 6: Pima ukimya kwa kuuliza nani angefaidika kusema

Mtu mwenye shaka atasema kwamba huenda hati zinazomtaja Helen katika mgao wa 1237 zilipotea. Ni hoja ya haki, na jibu lake halipatikani kwa kusisitiza tu. Ukimya una thamani pale tu ambapo mhusika alikuwa na haki, alikuwa na nguvu ya kuidai, na alikuwa na faida kubwa ya kuipata. Jaribu kila sharti.

Roger de Quincy alikuwa Earl wa Winchester na Konstebo wa Uskoti, na mtu asiyeogopa kushikilia haki ya mkewe. Mwaka 1247 watu wake wa Galloway waliasi dhidi yake, na Matthew Paris anasimulia habari hiyo. Nguvu alikuwa nayo. Faida nayo ilikuwa ya kutamanisha, maana Chester ilikuwa miongoni mwa milki kubwa kabisa za Uingereza.

Jambo linalofunga mjadala ni dai la William de Forz, mume wa Christina. Baada ya kifo cha John, William alidai kwamba milki ya Chester haigawanyiki na kwamba yote ni haki ya mkewe, kwa sababu Christina alikuwa ametoka katika tawi la dada mkubwa, naye ndiye mkubwa katika tawi hilo. Dai lake halikufanikiwa, na Mfalme Henry III hatimaye akajichukulia Chester kwa kuwafidia warithi. Lakini fikiria dai lenyewe lilivyojengwa. Katika mgao wa Alan, Helen ndiye aliyekuwa binti mkubwa, na kila mtu alilijua hilo kwa kuwa mumewe alibeba cheo cha Konstebo. Kama Helen angekuwa wa tumbo moja na Christina, William asingeweza kusimama mahakamani hata kidogo, kwani wapinzani wake wangemjibu kwamba mkubwa yupo na ameolewa na Earl. Hakuna aliyetoa jibu hilo.

Kisha songa mbele hadi 1291 na 1292, wakati madai ya kiti cha enzi cha Uskoti yaliposikilizwa mbele ya Mfalme Edward I wa Uingereza. John Balliol, mwana wa Devorguilla, alishinda tarehe 17 Novemba 1292 kwa hoja kwamba ametoka kwa Margaret, binti mkubwa wa David wa Huntingdon. Uzao wa Helen ulikuwapo wakati huo: kupitia binti yake Margaret katika ukoo wa Ferrers, kupitia Elizabeth katika ukoo wa Comyn wa Buchan, na kupitia Elena katika ukoo wa la Zouche. Kama Helen angekuwa binti wa Margaret wa Huntingdon, tawi la Ferrers lingekuwa na haki iliyotangulia ya Balliol. Wadai 13 walijitokeza, wengine wakiwa na hoja dhaifu mno, na hakuna hata mmoja aliyedai kupitia kwa Helen. Akina Comyn walimuunga mkono Balliol.

Tahadhari: usitumie hoja ya ukimya kwa mwanamke asiye na ardhi, wala kwa mjane mdogo ambaye walinzi wake wangeweza kumnyamazisha. Hapo ukimya unaweza kuwa matokeo ya udhaifu tu.

## Hatua ya 7: Tafuta njia nyingine ambayo ardhi ingeweza kupitia

Baada ya kufurahia matokeo, jaribu kuyavunja mwenyewe. Katika mfano huu kuna mtego ambao umewanasa watu makini.

Utakapoendelea kusoma hati utawakuta watu wa ukoo wa Quincy na wa Ferrers wakishika ardhi iliyotoka Chester, na utashawishika kusema kwamba waliipata kupitia Helen, na kwa hiyo Helen alikuwa mjukuu wa Maud wa Chester. Simama kidogo. Ranulf, Earl wa Chester aliyefariki mwaka 1232, alikuwa na dada wanne waliorithiwa na vizazi vyao: Maud, mama wa John na Margaret, Mabel, Agnes, na Hawise. Hawise aliolewa na Robert de Quincy, kaka yake Roger. Agnes aliolewa na Earl wa Derby, na mwana wao ndiye William de Ferrers aliyemwoa binti ya Helen. Kwa hiyo koo zote mbili zilikuwa na mlango wao wa kuingilia Chester, na Helen hakuwa na sehemu yoyote katika milango hiyo.

Kwa kila kipande cha ardhi unachokitegemea, chora mstari kutoka kwa mtu anayekishika hadi kwa mmiliki wa kwanza, na uorodheshe kila ndoa iliyo katikati. Kama kuna mistari miwili inayowezekana, kipande hicho hakithibitishi chochote mpaka mmoja ufutwe. Hatua imekamilika utakapoweza kueleza kila kipande cha Chester kilicho mikononi mwa Quincy na Ferrers bila kumhitaji Helen.

## Hatua ya 8: Tafuta ardhi ya maozi

Sasa umemwondoa Margaret, umewaondoa waliochelewa, na amebaki yule mwanamke wa de Lacy wa Pontefract. Kubaki peke yake katika orodha hakumfanyi awe mama, kwa sababu inawezekana kulikuwa na mke mwingine ambaye hakuna aliyemwandika. Unahitaji dalili inayoelekea kwake moja kwa moja.

Dalili hiyo hupatikana katika ardhi ambayo jamaa wa bibi harusi walimpa aondoke nayo. Ardhi ya namna hiyo ilikuwa na masharti: ilikusudiwa watoto wa ndoa ile, na wasipopatikana ilirudi kwa ukoo uliotoa. Katika hati za Kilatini hutajwa kwa maneno in liberum maritagium (yaani ardhi iliyotolewa kwa ajili ya ndoa), na kila unapoyaona andika nani alitoa, nani alipokea, na lini.

Kwa Alan, ardhi hiyo ni Kippax, huko Yorkshire, iliyokuwa sehemu ya milki ya Pontefract ya akina Lacy. Mwaka 1214 kulikuwa na mzozo juu ya Kippax kati ya Alan na John de Lacy, mwana wa Roger. Hapo yanatokea mambo mawili yanayofaa kuandikwa, kila moja na uzito wake.

Kwanza, Roger alirithi Pontefract mwaka 1194. Kama yeye ndiye aliyeitoa Kippax, ndoa haikuweza kutangulia mwaka huo, na kwa kuwa Alan alimwoa Margaret mwaka 1209, ndoa ya kwanza inaangukia katikati ya miaka hiyo. Kipindi hicho kinalingana vizuri na umri wa Helen tuliouhesabu katika hatua ya 4.

Pili, miaka mitano baada ya kumwoa Margaret, Alan alikuwa bado anaing'ang'ania Kippax. Mjane wa kiume aliruhusiwa kubaki na ardhi ya mkewe kwa maisha yake kama ndoa ile ilizaa mtoto aliyetoka hai. Dai la Alan linapendekeza kwamba mtoto alikuwapo. Halisemi ni nani, na ndiyo maana neno linalofaa hapa ni "linapendekeza".

## Hatua ya 9: Majina ya watoto na mihuri

Pitia hatua hii haraka. Watu wengi huanza na majina, wakisema kwamba binti aitwaye Helen lazima awe na bibi wa upande wa mama mwenye jina hilo. Lakini mama yake Alan aliitwa Helen de Morville, kwa hiyo jina linaelezwa kikamilifu na upande wa baba. Jina linafaa kuongeza nguvu kwa hoja iliyokwisha kusimama, na halifai kuwa nguzo.

Mihuri ni afadhali kidogo, kwa sababu mwanamke wa tabaka hilo aliweza kuweka katika muhuri wake alama za mume na za baba pamoja. Hata hivyo alama za upande wa mama katika nusu ya kwanza ya karne ya 13 ni adimu, na kutokuwapo kwake hakuna maana yoyote.

## Hatua ya 10: Andika matokeo kwa madaraja

Usijaze jina la mama katika shajara kama kwamba kila kiungo kina nguvu sawa. Andika kila tamko na daraja lake, na chini yake uweke hati zinazolibeba.

Kwa Helen, maandishi yako yangeweza kuwa hivi:

Limethibitishwa. Helen alikuwa binti halali na mkubwa wa Alan wa Galloway. Ushahidi ni mgao wa ardhi baada ya 1234 na cheo cha Konstebo kwenda kwa Roger de Quincy.

Limethibitishwa. Helen hakuwa binti wa Margaret wa Huntingdon. Ushahidi ni mgao wa 1237, dai la William de Forz, na madai ya 1291 hadi 1292.

Linaelekea kuwa kweli. Mama yake alikuwa mke wa kwanza wa Alan, aliyeolewa kabla ya 1209. Ushahidi ni mpangilio wa ndoa na hesabu ya umri.

Linawezekana kwa nguvu. Mke huyo alikuwa wa ukoo wa de Lacy wa Pontefract, yumkini binti wa Roger. Ushahidi ni Kippax.

Katika programu ya shajara, mwunganishe Helen na baba yake, na upande wa mama weka "mke wa kwanza, yumkini de Lacy", bila jina la kwanza na bila mwaka wa kuzaliwa. Programu nyingine hukataa mzazi asiye na jina na hukusukuma uchague mtu aliyekwisha kuwamo katika orodha yake. Ukikutana na hali hiyo, acha nafasi ya mama wazi na uandike madaraja hayo manne katika sehemu ya maelezo, kwa kuwa mtu atakayenakili shajara yako baadaye atayachukua maelezo pamoja na jina.

Ukimaliza, nenda kwa Christina na Devorguilla ufanye kazi hiyohiyo kinyumenyume. Wao wamo katika migao yote miwili, kwa hiyo jibu lao unalijua, na kuiona njia ikikupeleka kwenye jibu sahihi pale unapolijua ndiyo namna nzuri ya kupima kama umeishika kabla hujaipeleka kwa mwanamke ambaye jibu lake hulijui.